Mhariri, "une dizaine de minutes" si dakika kumi kamili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu mapishi na mazoezi yanayotafsiriwa kutoka Kifaransa, manake naona linazidi kuharibika na hakuna anayelisemea. Hizi kurasa za wikiendi zenye mapishi ya Kifaransa, na zile safu za afya zenye mazoezi ya tumbo na mgongo, wengi tunazipenda na mimi nazisoma mpaka mwisho, ila kila nikilinganisha na Kifaransa chenyewe nakuta kitu kilekile kimedondoka njiani, yaani muda wa kukadiria. Mfaransa kaandika une vingtaine de minutes, yaani dakika ishirini hivi, tafsiri inasema dakika 20. Kaandika environ dix minutes, yaani kama dakika kumi, tafsiri inasema dakika 10. Kaandika un bon quart d'heure, yaani robo saa na ushei, tafsiri inasema dakika 15 basi, msomaji anatega simu yake ilie baada ya dakika 15 na anaondoka jikoni.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa na hili ni jambo ambalo nalisisitiza darasani kila mara, kwamba ile "hivi" iliyodondoka siyo pambo la lugha, ni sehemu ya maelekezo kama vile chumvi au moto mdogo. Aliyeandika anakwambia namba hii nakupa ili ujue uanze kuangalia saa ngapi, lakini kinachoamua ni chakula chenyewe kilichoko mbele yako. Ukiondoa hilo neno umehamisha mamlaka kutoka kwenye sufuria ukayapeleka kwenye saa, na hapo ndo chakula kinapoharibika huku mpishi anaapa kafuata kila kitu.

Chukua sentensi moja tu ambayo utaikuta kwenye mapishi ya Kifaransa karibu kila ukurasa: Faites suer les oignons à feu doux une dizaine de minutes, jusqu'à ce qu'ils soient translucides. Yaani vitunguu viweke kwenye siagi au mafuta kwa moto mdogo, vitoe maji yao bila kugeuka kahawia, dakika kumi hivi, mpaka viwe vinapitisha mwanga. Sasa angalia ilivyojengwa. Muda umekaa katikati, umekaa kwa kukadiria, na baada ya koma ndo anakuja bosi mwenyewe, jusqu'à ce que, mpaka iwe hivi na hivi. Dizaine hapo inabeba dakika nane, tisa, kumi, kumi na moja, hata kumi na mbili, zote zimo, manake aliyeandika hajui kitunguu chako ni kikubwa kiasi gani, umekikata vipande vinene au vyembamba, sufuria yako ina kitako kizito au chepesi, na moto mdogo wa jiko lako ni mdogo kiasi gani ukilinganisha na wa kwake. Angejuaje? Kwa hiyo kakupa alama ya kuangalia kwa macho na kakupa muda wa kukisia, vyote viwili kwa pamoja. Mtafsiri akiandika "pika vitunguu dakika 10" kafuta alama na kaugeuza muda kuwa amri.

Na hapa Kiswahili hakina kisingizio hata kidogo. Kifaransa baada ya jusqu'à ce que kinadai soient (viwe), siyo sont (ni), kwa sababu jambo lenyewe halijatokea bado, linasubiriwa. Kiswahili kinafanya hivyohivyo, hatusemi "mpaka ni laini", tunasema "mpaka viwe laini", "hadi iive", "mpaka ikauke". Muundo upo tayari mdomoni mwetu, na za kukadiria tunazo tele, kama dakika kumi hivi, dakika mbili tatu, robo saa na ushei, haifiki nusu saa, inakaribia saa nzima. Yaani lugha yetu ni tajiri sana kwenye hili halafu tunaandika mapishi kama ratiba ya treni.

Labda nieleze kidogo hizi za -aine zenyewe manake ndo zinazosumbua wengi. Kifaransa kinachukua namba kinaibandika -aine mwishoni na inakuwa nomino ya kike yenye maana ya "kiasi kama hicho", kutoka dix unapata dizaine, douze douzaine, quinze quinzaine, vingt vingtaine, trente trentaine, quarante quarantaine, cinquante cinquantaine, soixante soixantaine, alafu cent centaine. Ukisha kuitumia lazima uweke de kabla ya kitu, une vingtaine de minutes, huwezi kusema une vingtaine minutes. Lakini siyo kila namba inakubali, 25 haina, 35 haina, 45 haina, 70, 80 na 90 hazina kabisa, na hata 5 haina, hakuna mpishi wa Kifaransa atakayekwambia une cinquaine de minutes. Kwa tano atasema environ cinq minutes, au cinq petites minutes akitaka kusema ni fupi tu usihofu, au cinq bonnes minutes akitaka kukwambia usiwe na haraka, tano zijae. Kwa 45 atasema trois quarts d'heure environ. Kwa 25 atasema environ 25 minutes au ataandika 20 à 25 minutes, na hii ya kuweka namba mbili ndo utaikuta zaidi kwenye keki na vitu vya oveni.

Wanaojifunza wanadhani -aine siku zote ni kukadiria, hapana. Une douzaine d'œufs ni mayai 12, muuzaji akikupa 11 mtagombana, ila une douzaine de minutes ni dakika kumi na mbili hivi, zaidi au pungufu. Shuleni watoto wa Kifaransa wanajifunza unités, dizaines, centaines, yaani mamoja, makumi, mamia, na hapo dizaine ni kumi kamili, na kwenye rozari dizaine ni Salamu Maria kumi, siyo tisa wala kumi na moja. Quinzaine kwa upande wa siku ni wiki mbili, Mfaransa anaziita quinze jours (siku kumi na tano), na wiki moja anaiita huit jours (siku nane), anahesabu siku ya kuanza na ya kumalizia. Ndo maana barua ya ofisi ikisema sous quinzaine, yaani ndani ya wiki mbili, usije ukaleta mambo ya jikoni ya "hivi hivi", hiyo ni tarehe ya mwisho. Kumbe neno lilelile kwenye une quinzaine de minutes ni robo saa hivi tu. Kinachoamua ni kitu kinachohesabiwa, na ni mazoea ya watu wanaokihesabu.

Alafu kuna bon na petit ambazo mimi binafsi ndo nazipenda kuliko zote kwa sababu zinafanana mno na tunavyoongea. Un bon quart d'heure siyo robo saa nzuri, ni robo saa na ushei, dakika 15 zimepita na kidogo juu, pengine 17 au 18. Un petit quart d'heure ni robo saa ambayo haijatimia, 12 au 13 hivi. Une bonne heure ni saa nzima na ushei, une petite heure ni saa kasoro kidogo. Sasa mpishi akikwambia nyama iive une bonne heure na wewe ukaandika "saa 1", umempunguzia mtu dakika kumi ambazo nyama ilikuwa inazihitaji, na msomaji ataitoa ngumu na kulaumu nyama. Près d'une heure nayo inaelekea chini, ni karibu saa, haijafika. Na kuna hii quelque ya maandishi ya kitabuni, quelque vingt minutes bila s mwishoni maana yake dakika kama ishirini, lakini quelques minutes yenye s ni dakika kadhaa, dakika chache, na s moja hapo imebadilisha maelekezo yote. Nimeshaiona quelque vingt minutes ikitafsiriwa "dakika chache, ishirini" na sentensi nzima ikawa haieleweki.

Kosa lingine ni la vers. Vers (mnamo) ni ya saa ya ukutani, vers midi, vers 13 heures, haitumiki kwa urefu wa muda, hakuna cuire vers vingt minutes. Anayetaka kusema muda kwa mdomo atasema dans les vingt minutes, yaani kitu kama dakika ishirini, ila nayo ina mtego manake dans les vingt minutes inaweza kuwa pia "kabla dakika ishirini hazijaisha", inategemea sentensi. Na dans vingt minutes bila les ni baada ya dakika ishirini kuanzia sasa, en vingt minutes ni ndani ya dakika ishirini kazi imekwisha, pendant vingt minutes ni kuendelea dakika ishirini zote. Kwenye mapishi pendant inaachwa mara nyingi, wanaandika faites cuire 20 minutes tu na inaeleweka. Ila kwenye mazoezi ukichanganya umemuumiza mtu, courez 4 kilomètres en 20 minutes ni shindano na saa, unatakiwa umalize, wakati courez pendant 20 minutes ni kukimbia kwa mwendo wako mpaka muda uishe, haijalishi umefika wapi. Mtu anayeanza mazoezi baada ya miaka mingi ya kukaa ofisini akipewa ya kwanza badala ya ya pili, moyo wake utakuwa na kazi.

Kwenye mazoezi nataka nikae zaidi kwa sababu hapo siyo keki inayoharibika, ni mgongo. Chukua planche, ile ya kulala kifudifudi halafu unajiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, Wafaransa wanaiweka kwenye kundi wanaloita gainage. Maelekezo ya kawaida yanaenda hivi: En appui sur les avant-bras et la pointe des pieds, maintenez la position une trentaine de secondes, relâchez, puis recommencez. Une trentaine, sekunde thelathini hivi. Sasa mwangalie mtu anayeanza akiwa kwenye hiyo hali. Sekunde kumi za mwanzo mwili umenyooka kama ubao, kumi zinazofuata mabega yanaanza kutetemeka, akikaribia ya ishirini na tano kiuno kinaanza kushuka taratibu, tumbo limeshaacha kazi na mgongo wa chini ndo umebeba uzito wote. Hapo trentaine inamruhusu ashuke, sekunde ishirini na tano zimo ndani ya trentaine, hajavunja sheria yoyote. Lakini kwenye gazeti kasoma "sekunde 30", kwa hiyo anang'ang'ana na hizo tano za mwisho kiuno kikiwa kimebonyea, na hizo tano ndo zinazomletea maumivu kesho yake. Na aliyezoea naye anaweza kwenda thelathini na tano bila shida na bado yuko ndani ya maelekezo. Hilo neno ni la kumlinda wa kwanza na kumwachia nafasi wa pili, sasa kwa nini tulifute?

Ni hivyohivyo kwa répétez une dizaine de fois de chaque côté, rudia mara kumi hivi kila upande, na échauffez-vous une dizaine de minutes, pasha mwili dakika kumi hivi, na kwenye kunyoosha misuli étirez une vingtaine de secondes, sans à-coups, yaani bila kurukaruka au kuvuta kwa ghafla. Ukisoma vizuri utaona namba za kukadiria zinakuja pale ambapo mwili au chakula ndo kinatoa jibu.

Lakini sasa, na hili nalisema kwa nguvu ileile, siyo kila kitu kikadiriwe. Kuna watu wakishasikia habari za environ wanaanza kuweka "hivi" kila mahali, na hiyo nayo ni kosa. Wakimbiaji wa Ufaransa wana zoezi maarufu wanaliita trente-trente, sekunde 30 mbio, sekunde 30 polepole, unarudia, kwa ajili ya kupandisha ile VMA yaani kasi ya juu kabisa ambayo mwili unaitumia ukiwa umefikia kikomo cha kuvuta oksijeni. Hapo 30 ni 30, ukiweka 40 za kupumzika umebadilisha zoezi. Tabata vilevile, ambayo jina lake limetokana na mtafiti wa Kijapani Izumi Tabata aliyechapisha utafiti wake mwaka 1996, ni sekunde 20 za kazi kwa 10 za kupumzika, mara nane, jumla dakika 4, na Mfaransa hatasema une vingtaine de secondes hapo hata siku moja. Na demi-Cooper wanayopimwa wanafunzi kwenye somo la michezo ni dakika 6 kamili, unahesabu umbali, kwa sababu ni nusu ya ile testi ya dakika 12 ya Kenneth Cooper ya mwaka 1968. Testi ikiwa na muda wa kukisia siyo testi tena.

Jikoni pia zipo namba kamili. Yai la Kifaransa lina sheria ambayo watu wanaitaja kwa namba tu, 3-6-9, dakika 3 kwenye maji yanayochemka ni à la coque, ute umeanza kushika na kiini kinachuruzika unachovya kipande cha mkate, dakika 6 ni mollet, ute umeshika kiini bado kinatiririka, dakika 9 ni dur, limeiva lote. Hapo dakika moja kushoto au kulia unapata yai jingine, sasa ukiandika "dakika tatu nne hivi" umemharibia mtu kifungua kinywa. Au ile liqueur 44 inayotengenezwa majumbani, chungwa moja, punje 44 za kahawa, vipande 44 vya sukari, siku 44 kwenye pombe kali ya matunda. Pengine siku 43 zingetosha kabisa kwa ladha, ila namba ndo jina lake na ndo furaha yake, iache kama ilivyo.

Na katikati ya kukadiria na kamili kuna mipaka, "au moins" (isipungue) na "maximum" (isizidi), nazo zinaonewa sana. Unga uliokorogwa wa crêpes, zile chapati nyembamba za maji, mapishi mengi yanasema laissez reposer au moins une heure, uache utulie, isipungue saa moja, ukiuacha saa mbili hakuna aliyekufa, lakini "saa moja hivi" inamruhusu msomaji kukatisha kwenye dakika 50. Unga wa choux, zile keki ndogo zinazovimba na kubaki na uwazi ndani, ndo mkali zaidi, usifungue mlango wa oveni mwanzoni, tuseme zile dakika 20 za kwanza, manake ule mvuke ulioko ndani ndo umezinyanyua na ganda bado halijakauka kuzishikilia, ukifungua zinanywea na hazinyanyuki tena. Serikali ya Ufaransa nayo kwenye mpango wake wa taifa wa lishe na afya ulioanza mwaka 2001 inahimiza au moins 30 minutes za kuchangamsha mwili kila siku, na kuanzia muhula wa Septemba 2022 shule za msingi zote zilitakiwa kuwapa watoto dakika 30 za kuchangamka kila siku. Nimeona sehemu imeandikwa "kama dakika 30 kwa siku". Hapana jamani, au moins ni sakafu. Shirika la Afya Duniani nalo kwenye mwongozo wa 2020 linasema watu wazima isipungue dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, hiyo nayo ni sakafu na 300 siyo dari, ukiandika "takriban dakika 200" umetoa wastani ambao hakuna aliyekuomba.

Kuna jambo lingine ambalo halihusu namba yenyewe bali linaharibu namba, nalo ni muda unaanza kuhesabiwa lini. Wafaransa wako makini sana hapa, wataandika à partir de la reprise de l'ébullition, kuanzia maji yakirudi kuchemka baada ya kuweka kitu, au dès les premiers frémissements, pale maji yanapoanza kutetemeka kabla ya kuchemka kwa fujo. Kwenye sufuria ya presha, ambayo kule wengi wanaiita cocotte-minute kwa jina la ile ya SEB iliyoingia sokoni mwaka 1953, watasema comptez une vingtaine de minutes à partir du sifflement de la soupape, hesabu dakika ishirini hivi kuanzia vali ikianza kupiga mluzi. Mtafsiri akiandika "pika kwenye presha dakika 20" msomaji ataanza kuhesabu anapofunika, na presha inachukua muda wake kupanda, kwa hiyo nyama itatoka mbichi. Hiyo sehemu ya mluzi ni ya lazima kuliko hata namba.

Caramel ndo mfano ambao unaonyesha muda unavyoweza kukosa maana kabisa. Sukari inakaa pale inayeyuka, unaona haifanyi chochote, halafu ghafla inageuka dhahabu, kaharabu, na ukigeuka kuchukua krimu imeshakuwa nyeusi na chungu. Mapishi mazuri ya Kifaransa hapo hayakupi dakika, yanakupa rangi, jusqu'à obtenir une couleur ambrée, mpaka upate rangi ya kaharabu. Nimewahi kusoma tafsiri iliyoongeza "dakika 8" yenyewe tu, kwenye Kifaransa haikuwepo popote, labda mtafsiri aliona hatua bila namba imepungukiwa. Haijapungukiwa. Wapishi wa zamani Ulaya, enzi ambazo saa jikoni hazikuwepo, walikuwa wanahesabu kwa sala, acha ichemke muda wa Baba Yetu moja, muda wa ile zaburi ya toba iitwayo Miserere, na kila mtu anasali kwa mwendo wake, kwa hiyo macho na pua ndo vilimalizia kazi. Wafaransa hawahawa wakati wa Mapinduzi yao waliamua mwaka 1793 kwamba siku iwe na masaa 10 na kila saa dakika 100, mwaka 1795 wakaachana na ulazima wake, na hadi leo mpishi wao anakwambia un quart d'heure. Robo, nusu, robo tatu, hizi ndo namba ambazo mtu anazihisi bila kuangalia saa, na ndo maana kwenye maelekezo ya mdomo zinashinda.

Tafadhali basi wahariri na watafsiri wenu wasiogope kuandika tunavyoongea. Une dizaine de minutes iandikwe "dakika kumi hivi" au "kama dakika 10", 20 à 25 minutes ibaki "dakika 20 hadi 25", un bon quart d'heure "robo saa na ushei", deux ou trois minutes "dakika mbili tatu", au moins "isipungue". Hii "takriban" ya taarifa ya habari sina ugomvi nayo, ila ikirudiwa kila mstari kwenye mapishi inachosha, na "takriban dakika 20 hivi" ni kukadiria mara mbili, sawasawa na environ une vingtaine ambayo Wafaransa wengine wanaisema kwa mdomo lakini mwalimu akiiona kwenye karatasi anapiga wino mwekundu. Kwa walimu wenzangu niseme pia, wanafunzi wakiuliza ni une dizaine de minutes suffit au suffisent, zote zinakubalika, ya kwanza unaangalia hiyo dizaine kama kitu kimoja, ya pili unaangalia dakika zenyewe, tusipoteze kipindi kizima hapo wakati bado hawajui tofauti ya en na pendant.

La mwisho ni kile kisanduku kinachokaa juu ya mapishi ya Kifaransa, Préparation 20 min, Repos 1 h, Cuisson 45 min, yaani kuandaa, kupumzisha na kupika. Hizo namba zimekaa kavu bila environ kwa sababu kazi yake ni kukusaidia kupanga, ujue uanze saa ngapi ili mle saa ngapi, na ile Préparation inamhesabu mtu ambaye kisu kimeshamzoea mkono. Nina hakika kabisa kwamba baadhi ya watafsiri wanachukua namba za kisandukuni wanazipachika ndani ya hatua, manake hatua za Kifaransa zimesema une quarantaine de minutes, vérifiez avec la pointe d'un couteau, elle doit ressortir sèche, na tafsiri inasema oka dakika 45. Quarantaine ni arobaini hivi, chomeka ncha ya kisu itoke kavu. Na tukiwa hapohapo, ikiandikwa th. 6, yaani thermostat ya oveni za Kifaransa, siyo namba ya kitufe cha oveni ya msomaji, ni nyuzi 180 za Selsiasi, unazidisha kwa 30, th. 7 ni 210. Kisanduku kikigombana na hatua, naomba mfuate hatua, na mtafsiri asiyekuwa na uhakika amuulize mtu anayepika.

Wako katika kusoma,
Mwalimu wa Kifaransa